Miwani ya Bibi Mita

Kasuku alianza kuiga watu kabla hajajua kufunga viatu vyake. Akiwa na miaka minne alisimama nyuma ya kila mteja aliyekuja kupimwa nguo, akapumua kama yeye, akajikuna alipojikuna, mpaka shangazi yake aliyemlea, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, akawa anamfungia chumba cha ndani kila walipokuja wateja wenye vitambi. Jina la Kasuku ni Fundi huyohuyo aliyempa. Sasa binti alikuwa na miaka ishirini na tisa na kazi yake ilikuwa ileile, ila siku hizi watu walikaa kwenye viti wakamtazama, na hakuna aliyemfungia.

Kwa majirani, Fundi alijifanya haelewi kazi hiyo. Mtu mzima anakohoa vikohozi vya wenzake, aliwaambia, na mimi nilimsomesha. Lakini nguo za kikundi cha maigizo alizishona yeye, pazia alilishona yeye, na ufunguo wa ukumbi ulikuwa kwenye pindo la kanga yake. Siku Kasuku alipojaribu kumuiga yeye mwenyewe, na kile kikohozi chake kidogo kinachotangulia kila neno zito, alikasirika kweli. "Mimi sikohoi hivyo," alisema, kisha akakohoa.

Mchezo walioushika mwaka huo ulihusu siku tatu za moto. Hapakuwa na mtu mjini asiyezikumbuka, maana ilikuwa ni miaka miwili tu imepita. Maduka ya barabara kuu yalikuwa ya watu ambao babu za babu zao walishuka melini na majora ya vitambaa, watu wa rangi nyeupenyeupe na nywele za kulala, wakioana wao kwa wao. Waliobeba mizigo, waliofagia na walioshona walikuwa weusi, wa ng'ambo ya reli. Mchana wote walitaniana, jioni kila mmoja akarudi upande wake, na kila upande ulikuwa na majina uliyowaita wenzake ambayo sitayaandika hapa. Kisha muuza vifaa mmoja akampiga mpagazi wake kwa sababu ya mfuko wa misumari uliopasuka, mpagazi akafa, na mahakama ikamwachia muuza vifaa kabla ya saa sita mchana. Saa nane watu wakavuka reli.

Kikundi cha Kasuku kilikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hawakutunga neno hata moja. Walikwenda kwa watu, wakarekodi maneno yao, kisha wakayakariri yalivyo, na mafua yake, na vicheko vyake, na pale mtu aliponyamaza wakahesabu sekunde alizonyamaza wakazinyamaza zote. Kila aliyetoa maneno yake aliwaazima na kitu kimoja cha mwilini, na sharti kiwe kitu atakachokikosa, sio cha kabatini. Vitu hivyo vilipangwa juu ya meza moja mbele ya ukumbi: kofia ya kaka wa yule marehemu mpagazi, filimbi ya mlinzi, kalamu ya karani wa mahakama. Mwigizaji akivaa kofia, ndiye yule kaka. Akiivua, basi.

Na palikuwa na sheria moja iliyozidi zote. Mwenye kitu alikuwa na ruhusa ya kukichukua wakati wowote, hata mchezo ukiwa katikati, na akikichukua maneno yake yanatoka, wala hakuna mtu wa kumuuliza kwa nini. Akitaka kurudi, akirudishe kwa mkono wake mwenyewe. Mwongozaji, mwanamume mpole mwenye mwandiko mdogo kama wa sisimizi, aliishika sheria hiyo kuliko alivyoishika saa.

Juu ya meza hiyo palikuwa na miwani mbili za kusomea. Moja ya Fundi, moja ya Bibi Mita.

Bibi Mita aliuza vitambaa. Alipata jina hilo kwa sababu hakuwahi kukata mita bila kuongeza vidole vinne, vya uhai wa kitambaa, alivyosema. Alikuwa wa wale wa melini, na kwenye baraza la duka lake Fundi aliweka cherehani miaka kumi na tisa. Mteja alinunua ndani akashonewa nje. Wanawake hao wawili walikunywa chai ya birika moja na kugombana juu ya kila kitu chini ya jua, kuanzia redio hadi namna ya kukunja shuka. Macho yalipoanza kuwachezea walinunua miwani kwa mchuuzi mmoja, siku moja, aina moja ila vioo vya nguvu tofauti, na mkono wa kila miwani ulipolegea kabla ya mwezi kwisha, Fundi alizifunga zote mbili kwa uzi mweusi wa vifungo. Kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Kwa karibu pia ni kazi.

Siku ya pili ya moto Fundi alikuwa barazani. Bibi Mita alikuwa ndani, nyuma ya majora, milango imefungwa nusu. Kundi likaja, na katika kundi hilo walikuwamo vijana ambao Fundi aliwashonea sare zao za shule. Wakamwamkia. Wakamwambia kwa adabu kabisa, mama, toa cherehani yako, wewe ni wetu. Akaitoa. Mmoja akauliza kama ndani kuna mtu.

"Hakuna mtu," Fundi akasema.

Alidhani wakisikia hivyo watapita. Au anadhani kwamba alidhani. Kumbe lile ndilo neno walilokuwa wakilingojea, maana hakuna kati yao aliyetaka kuua, walitaka kuchoma tu, na duka tupu ni halali ya kiberiti. Bibi Mita alitokea dirisha la nyuma, mkono wa kushoto umeungua mpaka kwenye kiwiko, akachukuliwa na mwanawe. Fundi hakwenda kumwona. Wiki ya kwanza aliona aibu ya alichokisema, wiki ya pili akaona aibu ya kutokwenda wiki ya kwanza, na aibu ikazaa aibu mpaka ikafika miaka miwili.

Hayo yote alimwambia Kasuku jikoni, simu ikirekodi juu ya sufuria iliyopinduliwa. Mwisho alisema, "Sijui nilisema kwa ajili yake au kwa ajili ya cherehani," akanyamaza. Kasuku aliuhesabu ukimya ule. Sekunde kumi na tisa. Fundi alimpa miwani yake akalala vizuri usiku ule kuliko siku nyingi, kwa sababu aliamini maneno yale yatasikiwa na wageni wasiomjua.

Jumanne ya wiki ya mchezo Kasuku alikuja na habari njema, au alizoziona ni njema. Bibi Mita amekubali kuja. Jumapili alasiri, mstari wa mbele.

Fundi akaendelea kukata kitambaa, na baadaye akakuta amekata shingo mahali pa mkono.

Jumatano saa saba, wakati kikundi kimetoka kwenda kula, alifungua ukumbi kwa ufunguo wake. Sheria ilimruhusu kuingia mchana kweupe, mbele ya watu wote, akachukua kilicho chake. Lakini mtu akiwa na aibu hata mali yake huichukua kwa wizi. Alifika mezani akainama. Mwongozaji alikuwa ameandika jina la mwenyewe kwenye karatasi chini ya kila kitu, kwa ule mwandiko wake wa sisimizi, na kuusoma kulihitaji miwani. Sasa fikiria mwenyewe. Mwanamke asiyeona bila miwani amekuja kutafuta miwani kati ya miwani mbili. Angejaribu kuivaa moja, lakini ufagio ulisikika koridoni, mfagiaji anakuja, naye akakamata ile iliyokuwa karibu, akaisokomeza kifuani, akatoka huku akimwambia mfagiaji kwamba alikuja kuangalia pindo la pazia.

Jioni aliivaa. Sindano ikawa msumari, sakafu ikamjia usoni, ukuta ukakimbia. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Akajilaumu kwa uzee, akalaumu presha, akalaumu chumvi. Kuwa miwani si yake, hilo halikumjia hata kwa mbali.

Lilimjia Alhamisi, Kasuku aliporudi nyumbani kabla ya wakati, akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu. Alikuwa amelia njiani. Fundi aliyalea macho yale na aliyajua. Binti akaeleza. Asubuhi wamekuta nafasi ya Bibi Mita mezani iko tupu. Miwani yake hakuna. Ya Shangazi ipo palepale, alisema, akidhani anamtuliza.

Fundi akashika kifua.

"Yule mama ndiye mtu pekee wa upande wa maduka aliyekubali kusema," Kasuku akasema. "Tukicheza bila yeye, Shangazi, tutakuwa tumewafukuza mara ya pili. Tena mara hii tumeuza na tiketi."

Kaka wa marehemu alikuwa amesimama pale mezani kwa muda, Kasuku alieleza, kisha akasema kama yule mama hayumo basi na kofia yake ataichukua. Hataki mdogo wake aliliwe na nusu ya mtaa. Mwongozaji amesema Jumapili asubuhi ataamua. Kama meza iko hivyo, mchezo hakuna. Na kwenda kumuuliza Bibi Mita haiwezekani, maana sheria ni sheria. Miezi kumi na minne ya kazi.

Fundi alifungua mdomo aseme. Kikohozi kikatoka, neno likabaki. Akaenda kuweka chai, akarudi na vikombe vitatu kwa watu wawili. Kasuku alimtazama mkono uliokuwa haubanduki kifuani, akamtazama usoni, akasema amechoka, akaenda kulala na jua bado lipo.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Fundi alikuwa nacho nguoni kwelikweli, kikimchoma ubavu kwa ncha ya mkono wake. Alikaa nacho akifikiri. Kukirudisha mezani kimyakimya ilikuwa rahisi, ufunguo anao. Lakini kingekuwa kimerudishwa kwa mkono usio wa mwenye kitu, na Kasuku angepanda jukwaani akijua hivyo au asijue, na vyote viwili Fundi hakuvitaka. Mtoto yule alikuwa hajawahi kumwongopea mtu jukwaani hata kwa chafya.

Ijumaa asubuhi akavuka reli.

Bibi Mita aliishi kwa mwanawe, ghorofa ya tatu, na aliuza vitambaa sebuleni. Fundi alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa, zaidi kwa woga kuliko kwa magoti. Alipiga hodi. Mlango ukafunguka kidogo, na Bibi Mita akachungulia kwa macho yaliyokunjwa, maana na yeye alikuwa ametoa miwani yake.

"Nani?"

Fundi akakohoa.

"Fundi," Bibi Mita akasema, akaufungua mlango wote.

Walikaa. Majora yalipangwa ukutani kwa namna ileile ya zamani, mekundu chini, meupe juu ili yasishike vumbi la sakafu. Mkono wa kushoto wa Bibi Mita ulikuwa na ngozi ya kung'aa, imekunjamana, na aliuweka mapajani bila kuuficha. Chai ililetwa. Hakuna aliyeinywa. Fundi akatoa ile miwani kifuani, ikiwa na joto bado, akaiweka juu ya meza.

Bibi Mita akaipapasa, akaujua uzi. Uso wake ukabadilika. "Wamenirudishia," alisema taratibu. "Kumbe maneno yangu hawayataki."

"Hawajakurudishia. Nimeiiba."

"Umeiba miwani yangu?"

"Nilikuja kuiba yangu."

Mabega ya Bibi Mita yakaanza kutikisika, na Fundi akadhani analia, lakini mwanamke yule alikuwa anacheka, cheko la kutoka tumboni lililomleta mwanawe mlangoni kuangalia kuna nini. Akampungia arudi. Huyu, alimwambia, ni mwizi wangu. Akacheka tena mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na Fundi naye akajikuta anacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, mpaka mbavu zikamuuma.

Kisha Bibi Mita akaacha. "Ulikuwa unataka yako ya nini?"

Hapo ndipo penyewe. Kasuku hakuwepo wa kumsemea. Fundi alikohoa mara mbili, akasema yote, cherehani, vijana, swali, jibu. Akasema hata lile la kwamba hajui alisema kwa ajili ya nani. Hakulipamba. Alipomaliza alitazama zulia.

"Nilisikia," Bibi Mita akasema. "Ukuta ule ulikuwa wa mbao, Fundi. Miaka kumi na tisa nimekusikia ukikohoa, nisikusikie siku ile? Ulikohoa kwanza, halafu ukasema. Siku nyingine naamka nasema umeniokoa, maana niliposikia ndipo nilipojua nitafute dirisha. Siku nyingine naamka nasema umenifuta. Yote mawili nimemwambia binti yako, na atayasema yote mawili."

"Nisamehe, Bibi."

"Usiniombe msamaha. Nimechoka na misamaha, hata baadhi ya waliochoma wameshakuja, wakakaa hapo ulipokaa, wakanywa chai. Wewe hukuja." Akasogeza kikombe chake pembeni. "Hilo ndilo lililoniuma kuliko mkono. Nilikuwa nakungoja uje tugombane."

Fundi akalia. Alilia bila sauti, machozi yakidondokea kwenye sahani ya kikombe, na Bibi Mita alimwacha alie kwa muda aliouona unatosha.

"Kuna kitu kimoja nataka," akasema baadaye. "Wewe ulisema mbele za watu kwamba sipo. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo tunavyosema, sivyo? Tangu siku ile naenda kila ofisi kudai kiwanja changu na naongea kama mtu ambaye hayupo. Nilikuwepo, Fundi. Siku moja useme hivyo. Mbele za watu pia, sio hapa sebuleni."

Fundi hakuahidi. Alitaka kuahidi, lakini alijijua. Alishika miwani akahisi uzi kwenye mkono wa miwani umelegea, akachomoa sindano aliyoishi nayo kwenye kola, akauliza kama kuna uzi. Bibi Mita akampa mwekundu, ili siku nyingine mwizi asichanganyikiwe. Ikawa sasa ni nani wa kutia uzi tunduni. Mmoja haoni, mwenzake haoni, na miwani pekee iliyopo ndiyo inayoshonwa. Walipokezana sindano, wakalaumiana, Bibi Mita akisema Fundi analamba uzi mno, Fundi akisema Bibi Mita anatetemesha mkono kwa makusudi. Mara ya nane uzi ukapita, na hakuna aliyekubali kwamba ni bahati.

Jumamosi walikwenda ukumbini pamoja. Bibi Mita aliweka miwani yake mezani kwa mkono wake ulioungua. Mwongozaji aliuona uzi mwekundu, akamwona Fundi, akafungua mdomo, akakumbuka sheria yake mwenyewe akaufunga. Kaka wa marehemu alikuwa akipanga viti. Aliacha, akaja, akamwamkia Bibi Mita kwa mikono miwili, akarudi kwenye viti vyake.

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa. Watu wa maduka walikaa kulia, wa ng'ambo ya reli wakakaa kushoto, bila mtu kuwaelekeza, na njia ya katikati ilibaki wazi, watoto tu wakikimbia juu yake. Bibi Mita alikaa mbele kulia, mkoba wake kwenye kiti cha pembeni. Fundi alikaa mbele kushoto. Angeweza kuvuka. Aliwaza watu watasemaje, upande huu na ule, akabaki alipo.

Mchezo ukaanza. Kofia ikavaliwa, kaka akasema, na nyuma ya ukumbi mwanamke akalia kwa sauti. Filimbi ikavaliwa. Kalamu ikaeleza jinsi hukumu ilivyopigwa chapa siku moja kabla ya kesi kumalizika, na upande wa kushoto ukanguruma. Mtu wa upande wa kulia alisimama akatoka, akiwa amemshika mkewe mkono. Baadaye kidogo mke alirudi peke yake, akakaa.

Kisha Kasuku akavaa miwani yenye uzi mweusi.

Alivyokaa tu, watu waliomjua Fundi wakacheka, maana alikuwa yeye mtupu: mguu mmoja juu ya kanyagio lisilokuwepo, sindano kwenye kola, kikohozi. Fundi alisikia kicheko hicho na masikio yakamuwaka. Kisha hapakuwa na kicheko. Sauti yake mwenyewe ilikuwa inasema pale mbele jinsi vijana walivyomwamkia, na ndani ya ukumbi, mistari mitatu nyuma yake, Fundi alijua wapo vijana wawili waliokuwemo katika kundi lile.

"Akauliza kama kuna mtu," Kasuku akasema kwa mdomo wa shangazi yake. "Nikasema hakuna mtu. Sijui nilisema kwa ajili yake au kwa ajili ya cherehani."

Akanyamaza.

Sekunde kumi na tisa ni nyingi. Kwenye ya nne Fundi alitazama kulia, akaona Bibi Mita ameangalia mbele, mkono wake wa kushoto umelala mapajani. Kwenye ya saba alisimama. Alishtukia tu amesimama. Ukumbi mzima ulimwona, na Kasuku alimwona, na Kasuku akafanya kile ambacho sheria ilimtaka kufanya. Alivua miwani akamnyooshea mwenyewe, mikono yote miwili, bila kumlaumu hata kwa jicho. Chukua, Shangazi. Ni yako.

Mkono wa Fundi ulikwenda. Uliigusa ile miwani, ukaupapasa uzi wake mweusi.

"Vaa, mwanangu," akasema.

Akawageukia watu. Akakohoa.

"Alikuwepo. Nilipowaambia hakuna mtu, Bibi Mita alikuwa ndani, nyuma ya majora, na mimi nilijua."

Hapakuwa na makofi. Mtu wa nyuma kushoto alimwambia akae, kwa neno moja lisilopendeza, na mwingine akamwambia huyo anyamaze. Magoti ya Fundi yalikuwa yanacheza. Kiti chake kilikuwa nyuma yake, hatua mbili, lakini alipogeuka alimwona Bibi Mita ananyanyua mkoba kutoka kwenye kiti cha pembeni, bila kumtazama, akiuweka sakafuni. Fundi akavuka njia ya katikati akakaa hapo. Kasuku alivaa miwani, akazikaa sekunde zilizobaki, akaendelea na neno lililofuata, kwa sababu kikundi hicho hakiongezi kitu.

Siku hiyo hakikuongeza. Lakini Jumapili iliyofuata mchezo ulirudiwa, na maneno ya mtu yakishasemwa mbele ya watu mia tatu, Kasuku alimwambia mwongozaji, hayo si ya kutungwa tena. Alikwenda jikoni kwa shangazi yake kuomba ruhusa. Na akiwa ameshafika mlangoni kutoka, alisema kwamba jioni ile ya Alhamisi aliujua mkono uliokuwa kifuani, kwani ameuiga tangu akiwa na miaka minne, ila sheria inakataza kuuliza. Fundi akamrushia kitambaa.

Jumapili hiyo ya pili wanawake wawili walikaa mbele kulia, mmoja na birika la chai chini ya kiti. Jukwaani Kasuku, akiwa na miwani ya uzi mweusi, alinyamaza mpaka sekunde ya saba, akasimama kwa magoti yanayocheza, akaugeukia ukumbi. Kabla ya neno akakohoa, kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu anayetaka kukimbia na hakimbii.

"Mimi sikohoi hivyo," Fundi akanong'ona.

Bibi Mita hakugeuka.

"Ndivyo unavyokohoa," akasema. "Nyamaza tusikie."